Waliyoyaandika Watafiti wa Moshi Juu ya Figo, na Swali Tulilolijibu kwa Haraka Kang'ata

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Kamati ya msikiti wetu hapa Kang'ata ilikuwa imekaa barazani baada ya sala ya Alasiri, ikihesabu michango ya futari, alipotujia muadhini wetu wa miaka mingi. Alikaa kwa taratibu kuliko kawaida yake. Akavua kandambili, akatuonyesha miguu yake. Ilikuwa imevimba hata alama ya mkanda wa kandambili imeachwa kama mtaro juu ya ngozi. Akauliza swali moja tu: je, mtu wa hali hii afunge?

Tulimjibu, nasi tunakiri hapa kwamba tulimjibu kabla chai yetu haijapoa. Tukamwambia kuwa maradhi yanayomruhusu mtu kula ni yale yanayomlaza kitandani, au yanayozidishwa na funga, na kwamba mtu anayekuja msikitini mara tano kwa siku kwa miguu yake hajafikia hapo. Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa karibu na vitabu. Sehemu ya pili ilikuwa yetu wenyewe. Hatukumuuliza kama amepimwa, wala kama mkojo wake umepungua. Hatukumuuliza usiku anaamka mara ngapi, wala anameza dawa gani. Aliitikia, akavaa kandambili zake, akaenda zake.

Alifunga siku kumi na tisa. Siku ya ishirini hakuadhini. Wanawe walimchukua kwa gari la kukodi hadi hospitali, na jioni ile tukaletewa habari kwamba figo zake zote mbili zimekwisha kazi. Alifariki katika mwezi wa Shawwal. Mwenyezi Mungu amrehemu, ailaze roho yake mahali pema. Amin.

Tulipokwenda kumwona tabibu aliyemhudumia, tukiwa na khofu ya jambo tulilolisema barazani, alitujibu kwa upole. Alisema figo zile hazikuharibiwa na funga ya siku kumi na tisa. Zilikuwa zinakufa kimyakimya kwa miaka, pengine kumi. Funga ilikuja mwishoni, ikakuta mzigo umekwisha kuwa mzito. Lakini hakutuficha pia kwamba mgonjwa wa namna ile, mwili ukimkaukia maji mchana kutwa, hali yake huweza kushuka kwa kasi. Tukatoka pale tukiwa tumepunguziwa nusu ya mzigo, nusu ya pili tunayo hadi leo.

Makala haya yametokana na nusu hiyo. Tabibu huyo alitupa karatasi alizozichapisha mwenyewe, utafiti kutoka nchi yetu uliotangazwa mwaka 2015, akatuambia tusome kabla ya Ramadhani nyingine. Tulizisoma jioni kadhaa baada ya Isha, mmoja akifasiri Kiingereza, wengine wakipinga tafsiri yake. Tunaona ni haki familia za Kiislamu nazo zijue yaliyomo.

Aliyeongoza utafiti huo ni John Stanifer, tabibu kutoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyefanya kazi Moshi pamoja na wenzake wa Kitanzania na wa kwao, miongoni mwao Venance Maro, Francis Karia na Uptal Patel. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Stanifer na wenzake walikuwa wamekusanya tafiti zote walizoweza kuzipata juu ya maradhi sugu ya figo katika Afrika kusini mwa Sahara, wakazichambua. Zilikuwa 90, na zile walizoziona zina ubora wa kutegemewa zilikuwa 21 tu. Kutokana na hizo walikadiria kuwa watu wazima wapatao 13.9 katika kila 100 wana maradhi sugu ya figo. Tusomapo kuwa katika bara zima tafiti za kuaminika ni 21, tunaelewa kwa nini mtu wa Handeni au Korogwe hupewa habari za figo zilizopimwa katika miili ya watu wa Ulaya.

Huko Moshi hawakusubiri wagonjwa hospitali. Hili ndilo lililotuvutia kwanza. Anayehesabu wagonjwa hospitali huhesabu waliokwisha kuugua na wakapata nauli. Wao waliingia nyumba kwa nyumba, mjini na vijijini, katika kaya 346, wakawaomba watu wazima 481 damu kidogo na mkojo. Katika damu walitazama kreatinini, taka ya misuli ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu huiacha ijikusanye. Katika mkojo walitazama albumini, aina ya protini ambayo figo nzima huizuia isitoke, kama chujio zuri linavyozuia machicha ya nazi yasidondoke kwenye tui. Vipimo hivyo viwili havihitaji mashine ya ajabu.

Waliokutwa na dalili za maradhi sugu ya figo walikuwa 57. Baada ya kusawazisha hesabu ili ilingane na umri na jinsia za watu wa eneo lile, walipata watu 7 katika kila 100. Na katika hao wenye maradhi, waliokuwa wanajua kwamba wanaumwa figo walikuwa takriban mmoja katika kila kumi. Hao wengine tisa walikuwa wanalima, wanauza sokoni, wanaswali, wanafunga, na hawajui.

Mjumbe wetu mmoja alilifurahia fungu lililofuata. Linasema kuwa mjini Moshi kiwango kilikuwa 15.2 katika 100, na vijijini 2.0 tu. Akasema: basi haya ni maradhi ya watu wa mjini, ya soda na chipsi, sisi wa Kang'ata tumesalimika. Tukamwomba asome na mabano yaliyofuata, kwa sababu watafiti waaminifu huandika pia ukomo wa ujuzi wao. Kwa vijiji, walisema kiwango halisi chaweza kuwa chini kabisa kama nusu mtu katika 100, na chaweza kufika karibu watu 7. Idadi ya wanakijiji waliokutwa wagonjwa ilikuwa ndogo mno kuweza kusema kwa yakini zaidi. Tena vijiji vya Moshi ni vijiji vya migomba na mifereji ya maji kutoka mlimani. Handeni ni nchi ya jua na malambo, ambako kwa miaka mingi maji yamevutwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na hata hivyo ndoo za njano hazijaacha kupanga foleni. Hatuwezi kuchukua namba ya mlimani tukaivisha bonde letu.

Lakini fungu lililotukalisha kimya ni jingine. Watu wengi, na sisi tulikuwa miongoni mwao, husema figo huharibiwa na sukari na presha. Ni kweli, hao ndio wauaji wakubwa wa figo duniani. Huko Moshi, hata hivyo, karibu nusu ya wagonjwa, 49.1 katika 100, hawakuwa na presha ya kupanda, wala kisukari, wala virusi vya Ukimwi. Kilichoharibu figo zao hakikujulikana. Watafiti hawakujifanya wanajua. Waliandika kwamba sababu nyingine zipo na zitafutwe.

Mzee wetu hakuwa na kisukari. Presha yake haikuwahi kupimwa, hivyo juu ya hiyo hatuna la kusema.

Moja ya njia walizoifuata baadaye ni dawa za asili. Katika makala nyingine ya mwaka huo huo wa 2015, Stanifer, Joseph Lunyera na wenzao waliwauliza wale wale wanakaya kuhusu dawa wanazotumia. Miongoni mwa wenye maradhi ya figo, watu 7 katika kila 10 walikuwa wanatumia dawa za asili, na takriban mmoja katika kila watatu alikuwa anachanganya dawa hizo na za hospitali. Mimea waliyotajiwa kuwa inatibu figo ilikuwa mitano: mshubiri, mchaichai, mparachichi, mjafari, na mti mmoja wa jamii ya manemane. Yeyote aliyekulia Uzigua au Usambaa ameijua angalau minne kati ya hiyo. Mchaichai unachemshwa katika nusu ya nyumba zetu kila asubuhi.

Hapa tunataka kusema kwa uangalifu, kwa sababu jambo hili likisemwa ovyo hugeuka matusi kwa wazee wetu. Watafiti hawale hawakusema mimea hiyo inaua figo. Walisema inatumiwa, inatumiwa sana, na madaktari wengi hawaulizi. Mgonjwa naye hasemi, akichelea kukemewa. Hivyo daktari anaandika dawa bila kujua kilichomo tumboni, na mganga anachemsha mizizi bila kujua kilichomo kwenye cheti. Dini yetu haikatazi mti wala mzizi. Tiba ya asali na habasoda tunaisoma sisi wenyewe mimbarini. Inachokataza ni kujidhuru, na anayetibu watu bila ujuzi amebebeshwa dhamana ya madhara katika vitabu vya fiqhi tangu zamani. Mzee wetu, wanawe walitueleza baadaye, alikuwa na chupa mbili chini ya kitanda. Moja ilikuwa ya mizizi. Nyingine ilikuwa imejaa vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki, alivyovimeza kwa ajili ya mgongo tangu enzi za kulima mahindi kwa jembe la mkono. Sisi tungehukumu chupa ya kwanza. Tabibu aliitazama zaidi ile ya pili. Vidonge vya aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia katika figo, na mtu mzima anayevimeza kila siku kwa miaka, tena akiwa amekaukiwa na maji, huzichosha figo zake pole pole. Vinauzwa bila cheti, kwa bei ya karanga.

Tulipofika hapo katika kusoma, mazungumzo yalitanuka, maana kila mmoja alikuwa na jambo la kwao.

Mmoja alikumbusha kichocho. Tulipokuwa watoto tuliambiana kuwa mvulana akikojoa damu ndiyo kukua. Hakuna aliyetuambia kwamba ni minyoo, wala kwamba mayai yake hujenga makovu katika kibofu na mirija inayoshusha mkojo, mkojo ukarudi nyuma, na figo ikavimba kwa shinikizo. Katika miaka ya 1960 watafiti Forsyth na Macdonald waliwapiga picha za eksirei watoto wa shule, kwanza katika Shule ya Usagara upande wa bara, kisha Donge, Unguja, wakaonyesha kwamba madhara hayo ya mirija na figo huanza kwa watoto ambao kwa macho wanaonekana wazima, wanakimbia na kucheza. Leo kuna vidonge vya prazikwanteli vinavyogawiwa mashuleni, na mzazi anayemficha mwanawe siku hiyo kwa uvumi wa mitaani anamnyima haki yake. Nasi wa msikitini tunalo la kuongeza, kwa sababu katazo la Mtume (s.a.w.) la kukojoa katika maji yaliyotuama limo katika Bukhari na Muslim, na sisi tumelisomesha miaka yote katika mlango wa tohara kana kwamba linahusu udhu peke yake. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo, huanguliwa majini, huingia ndani ya konokono, kisha hutoka humo kutafuta ngozi ya mtu. Mkojo usipofika lambo, mzunguko unakatika. Tulisomesha nusu ya hadithi.

Mwingine alitaja malaria. Hapa watu wa Korogwe wana heshima yao, maana kituo cha utafiti cha NIMR kilichoko kwao kilikuwa mojawapo ya sehemu 11 barani Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa, pamoja na Bagamoyo kwa upande wa nchi yetu, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Wazazi wa Korogwe walitoa watoto wao wapimwe damu mara kwa mara, na watoto wa mataifa mengine wamefaidika. Malaria kali yaweza kuzizimisha figo kwa siku chache. Mara nyingi huamka tena mgonjwa akitibiwa mapema. Si kila mara.

Na wa tatu, kijana anayefuatana na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni, aliuliza juu ya zebaki. Wanaishika kwa mikono mitupu, wanaichoma katika sufuria, na moshi wake wanauvuta. Zebaki hudhuru ubongo na figo. Hilo halina ubishi kwa wataalamu. Tulimwambia yaliyotufikia, nasi tukaona aibu kwamba Ijumaa zote tulizopokea sadaka za machimbo hatukuwahi kuwauliza vijana wale wanapumua nini.

Liko jambo jingine ambalo halimsaidii mgonjwa kesho asubuhi, lakini lilitustaajabisha. Mwaka 2010 Giulio Genovese, Martin Pollak na wenzao walitangaza kwamba aina mbili za mabadiliko katika jeni inayoitwa APOL1, zinazopatikana kwa watu wa asili ya Afrika, humwongezea mtu hatari ya kuharibikiwa figo ikiwa amezirithi kwa baba na kwa mama. Wakaonyesha pia kuwa damu ya mwenye mabadiliko hayo huweza kumuua mdudu wa malale aina ya rhodesiense, ambaye damu ya watu wengine haimwezi. Yaani kinga dhidi ya mbung'o ilikuja na deni upande wa figo. Mabadiliko hayo yameenea zaidi Afrika ya Magharibi kuliko kwetu. Lakini msomaji wa Handeni hawezi kupita neno mbung'o bila kusimama: ni mbung'o waliowanyima babu zetu ng'ombe, na mwanahistoria James Giblin alipoandika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya nchi hii, mapambano ya watu na mbung'o na vichaka vyake ni sehemu kubwa ya simulizi. Subhanallah.

Turudi kwenye funga, maana ndipo tulipokosea.

Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona hulazimiwa fidya badala ya kulipa, nayo ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku. Haya tunayajua tangu chuoni. Tusilolifanya ni hatua inayotangulia: kujua kama huyu aliyekaa mbele yetu ni mgonjwa. Fakihi huhukumu juu ya picha aliyoletewa, na picha ya maradhi ya figo haionekani kwa macho ya fakihi. Vitabu vyenyewe vinaelekeza kwa tabibu mwaminifu mwenye ujuzi. Tulikipita kifungu hicho kwa sababu mzee alikuwa anatembea.

Wala hatusemi kila mwenye figo dhaifu ale. Wapo ambao maradhi yao ni ya mwanzo, hali imetulia, na daktari akawapangia maji na dawa kati ya futari na daku, wakafunga salama. Wapo ambao siku tatu tu zaweza kuwaangusha. Kinachowatenganisha ni kipimo cha kreatinini na maneno ya mtu aliyekisoma, na kipimo hicho kifanywe Rajabu au Shaabani, kisingoje siku ya kumi na tisa. Tunaona kwa wazee wetu kuwa kula Ramadhani ni jambo la aibu kuliko kufa. Wake zao huwaficha uji nyuma ya mlango. Kutumia ruhusa aliyoitoa Mola si upungufu wa imani, na mtoto amwonapo babu yake anakula kwa cheti asifundishwe kunong'ona.

Kwa walio kwenye kusafishwa damu kwa mashine, suala ni zito zaidi. Mashine yenyewe ina historia ya ajabu. Ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu iliundwa mwaka 1943 na Willem Kolff, tabibu wa mji wa Kampen, Uholanzi, nchi yake ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, na utandu aliotumia kuchujia damu ulikuwa ule wa kufungia soseji. Leo mgonjwa huunganishwa nayo kwa takriban saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote, isipokuwa apandikizwe figo. Wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana kama kusafishwa huko kunabatilisha funga. Wapo waliosema kunabatilisha, kwa kuwa damu hurudi ikiwa imeongezewa sukari na chumvi, na wapo waliosema hakubatilishi. Kwa mgonjwa wa kawaida khitilafu hiyo ina uzito mdogo, kwa kuwa yeye tayari ni mgonjwa mwenye ruhusa, na siku za mashine ale bila wasiwasi.

Uzito wake uko kwenye nauli. Mtu wa Kang'ata asiye na bima, akihesabu safari, malazi ya anayemsindikiza na gharama ya kila kikao, anauza ng'ombe mwezi wa kwanza na shamba mwezi wa tatu. Tumekwisha kuliona hilo katika jamaa mbili tofauti. Kamati yetu iliwahi kuchangisha katika Ijumaa nne mfululizo, na tulichokusanya kilimtosha ndugu yule wiki mbili. Tuliandika katika daftari la msikiti jumla ya michango kwa wino wa bluu, na hatukuwa na moyo wa kuandika chini yake siku ngapi zilinunuliwa.

Kupandikiza kumeingia nchini. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Swali tunaloletewa ni kama Muislamu anaruhusiwa kutoa figo. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah Februari 1988 likaruhusu mtu hai kumpa mwenzake kiungo pale dharura inapothibiti na mtoaji asidhurike, na likakataza kuuza. Wapo wakubwa waliokataa, akiwemo Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri, aliyeona kuwa mwili ni milki ya Mwenyezi Mungu na mja hana haki ya kuugawa. Sisi tunafuata rai ya wengi, na tunamheshimu mwenye kushikilia ile nyingine. Tunalolikataa ni ndugu wanne kukaa kikao, kila mmoja akijificha nyuma ya rai ya sheikh asiyewahi kumsoma, hali kinachomzuia ni khofu. Khofu nayo ni haki yake. Aiseme kwa jina lake.

Utafiti mwingine tuliousoma ni wa Mwanza, wa mwaka 2013. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, akiwemo Janmohamed na Robert Peck, waliwapima wagonjwa wa kisukari 369 waliokuja kliniki kwa miguu yao kama kawaida. Wenye dalili ya figo kuathirika walikuwa 309. Katika hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Tunalirudia hili kwa ajili ya familia zenye mgonjwa wa sukari nyumbani, ambazo huridhika kuona kipimo cha sukari kimeshuka. Ulizeni na mkojo wake umepimwa albumini lini. Hao walikuwa wanahudhuria kliniki. Basi ya wasiohudhuria itakuwaje?

Al-Razi aliandika risala nzima juu ya vijiwe vya figo na kibofu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na Ibn Sina katika Qanun alitenga milango ya kusoma rangi na hali ya mkojo. Tunapenda kuwataja mimbarini tukitaka kuonyesha kuwa Waislamu walikuwa na elimu. Lakini mpaka mwaka jana, katika eneo la msikiti wetu, hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia maamuma kwamba mkojo wenye povu lisiloisha ni jambo la kwenda kuonyesha.

Sasa tunajaribu. Kwa idhini ya kituo cha afya, Ijumaa ya kwanza ya Rajabu tuliweka meza chini ya mwembe nje ya msikiti: kipima presha kimoja, vijiti vya kupimia mkojo, na mhudumu wa afya. Akina mama walipewa sehemu yao nyuma ya madrasa. Tulitazamia wazee. Waliokuja kwanza walikuwa vijana wa bodaboda, kwa mzaha, wakishindana presha ya nani ni ndogo, na wawili kati yao hawakuondoka wakicheka. Wazee walikuja wakati wa Alasiri, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita.

Khatibu alizungumza Ijumaa ile juu ya aya ya 184. Miaka hii Siku ya Figo Duniani, inayoadhimishwa Alhamisi ya pili ya Machi, imekuwa ikiangukia ndani ya Ramadhani au karibu yake, na tumepanga kuwa na meza nyingine kabla mwezi haujaandama. Vijiti vilivyobaki ni pungufu ya mia. Mjane wa muadhini ndiye aliyekuja wa mwisho siku ile, jua linazama, akiongozwa na mjukuu. Presha yake ilikuwa juu sana. Alipoambiwa arudi kituoni Jumatatu kwa kipimo cha damu, alitugeukia sisi tuliokaa mezani, akatuuliza je, mtu wa hali hii afunge? Tulimwambia kwamba hatujui, na kwamba Jumatatu tutakwenda naye.